Maneno Yako Spika Gani?

Mzee Kinu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuwahi kuutafutia dawa: udadisi. Umpe redio mbovu, ataifungua; umpe nzima, ataifungua vilevile aone kwa nini haijaharibika. Miaka nenda rudi alisaga nafaka za watu kwenye chumba cha mabati chenye mashine moja, na jina hilo la Kinu alipewa na wateja. Gunia likiisha kusagwa, alipiga ukelele uleule kuushinda mngurumo: "Unga tayari, mwenyewe achukue!" Siku hizi hata watoto wa majirani walipita mlangoni wakiuigiza ukelele huo, naye akawatishia kwa ufagio. Watoto hawana adabu tena, alisema.

Mngurumo huo ulikuwa umemla masikio polepole, wala hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa na ujanja wake. Kinuni hakuna anayemsikia mwenzake, watu husomana midomo, na kwa midomo yeye alikuwa bingwa. Nyumbani alifanya hivyohivyo. Mkewe akimsemesha kwa nyuma asijibiwe, alinung'unika, "Sikio la kufa!" na kuendelea na vyombo vyake.

Aliyemshinda ni binti yake, kitinda mimba, aliyepata kazi ya kusimulia hadithi za watoto kwenye televisheni kila Jumamosi jioni. Sura yake haikuonekana. Zilipita picha za kuchora, sungura na kobe, na sauti ya binti juu yazo. Sasa sungura wa kuchora utamsoma mdomo gani? Mzee aliketi mbele, akatabasamu kila mkewe alipotabasamu, na kipindi kikiisha binti alipiga simu ya video.

"Baba, umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu. Umesimulia vizuri sana."

Kila mara binti alingoja kidogo, kama mtu aliyetarajia neno moja zaidi, kisha akaaga. Uongo huo ulimkaa mzee rohoni hadi Jumamosi nyingine. Alitaka kuisikia sauti ya mtoto wake kabla masikio hayajafunga kabisa, basi. Akaamua kwamba mwenye kosa ni televisheni, akamchukua mkewe wakaenda dukani.

Muuzaji alikuwa mtu mnene mwenye ulimi wa asali. "Mzee wangu, hapa ni mambo mawili," alisema. "Kuna hom thieta, spika tano na sabufa, sauti inakuzunguka. Na kuna saundibaa, hicho kijiti kirefu, unakiweka chini ya televisheni umemaliza."

Moyo wa mzee ulikwenda kwenye hom thieta palepale. Vipande sita! Muuzaji akaweka filamu yenye mvua kubwa. Mzee akaweka kiganja juu ya sabufa, vile alivyoipima mashine yake kila asubuhi, akakunja uso.

"Zima, zima! Hii beringi yake imekufa."

"Hiyo ni besi, mzee. Kutetemeka ndiyo kazi yake."

"Mashine inayotetemeka hivi mimi siiwashi."

Mkewe alicheka mpaka akashika meza. Lakini mzee alikuwa ameshaanza msako, akiigusa spika moja baada ya nyingine.

"Hizi ndogo za nyuma zinasema nini?"

"Hazisemi. Hizo ni za mvua, ndege, magari."

"Na hizi za pembeni?"

"Muziki, zaidi."

"Kwa hiyo maneno yako spika gani?"

Muuzaji akaionyesha ile ya katikati, fupi kama tofali. Mzee akaitazama kwa huruma. "Mko sita, na anayesema ni huyu peke yake! Haya, weka taarifa ya habari. Halafu zima picha."

"Nizime picha?"

"Kuuliza si ujinga, na kujaribu pia. Zima."

Skrini ikawa nyeusi. Mzee akawa anarudia kwa sauti kile alichokisikia. "Mvua... wakulima... mvua..." Akanyamaza, na msomaji wa habari akaendelea peke yake. Muuzaji akaongeza sauti, sabufa ikatikisa kioo cha kabati, maneno yakazidi kuzama. Mkewe hakuwa anacheka tena. Alisikia kila neno, na kwa mara ya kwanza akajua mumewe hasikii.

Muuzaji akahamia kwenye saundibaa, akabonyeza kitufe cha kunyanyua mazungumzo. Mzee akaanza kwa kusitasita, kisha akashika kasi: "Barabara ya sokoni itafungwa kwa matengenezo, wenye magari wanaombwa wapite..." Akageuka. "Wapite wapi, mama watoto?"

"Njia ya shuleni," mkewe alisema, akiwa amemwelekezea uso wote.

Walikichukua kijiti. Njiani mkewe akamshika mkono ili amtazame. "Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na mimi nilivyokuwa nakuita sikio la kufa!"

"Hilo," mzee alisema, "sikuwahi kulisikia."

Jumamosi walikaa mapema. Sauti ya binti ilipotoka ilikuwa na ule ukwaruzo wa tangu utotoni, na mzee alifurahi hadi akasahau kutabasamu. Alimsikia sungura akidanganya, akamsikia kobe akijibu. Muziki ukashuka, hadithi ikaisha, na binti akapaza sauti: "Unga tayari, mwenyewe achukue!"

Mzee akamgeukia mkewe. "Amesema nini?"

"Si umesikia? Kila hadithi anaimaliza hivyo, tangu ya kwanza. Watoto wote wanaijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unasikia. Nikasema moyoni, mume wangu huyu, mtoto anamheshimu mbele ya nchi nzima, na yeye kimya!"

Mzee aliwakumbuka watoto wa mlangoni na ule ufagio, akaona aibu. Kisha simu ikaita, na uso wa binti ukatokea.

"Baba, umenisikia?"

"Leo ndiyo nimekusikia," alisema, machozi yakimshuka waziwazi. "Zile zote za nyuma nilikudanganya, mwanangu. Masikio yamekwisha. Unga wangu wote bado uko kwako, sijauchukua."

Binti akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika, akawa anasema kitu. Mama yake akaisogelea simu.

"Toa mkono, mwanangu," alisema. "Baba yako anasoma."