Mkanda wa Mwisho wa Gome

Kazini walimwita Mama Shanga, na wala si kwa kujipamba. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, hata hereni hakuwa nazo. Shanga zake zilikuwa za maabara. Anachanganya jeli ya mwani na vimeng'enya, vichocheo vinavyogeuza kitu kimoja kuwa kingine, kisha kwa sindano anadondosha tone tone kwenye maji ya chumvi ya kalisi. Tone likigusa maji linaganda, linakuwa punje laini kama yai la samaki, na kimeng'enya kimefungwa humo ndani.

"Hawa ni wafanyakazi wasiodai mshahara," alipenda kusema. "Ila ukiwaacha huru, wanatoroka na maji."

Na kweli. Vimeng'enya vikifungwa kwenye shanga na shanga zikajazwa kwenye neli ya kioo, unapitisha juu yake mchuzi wa majani ya miti ya uzio, yale yanayofyekwa na kutupwa kila wiki, na chini inatoka dawa ya moyo. Shanga hizohizo unazitumia hata mara arobaini. Zamani dawa hiyo ilipatikana kwenye gome la mti mmoja tu, na watu waliuchuna mti huo mpaka misitu ikabaki mifupa. Tabu ni kwamba vimeng'enya vyenyewe vilitoka kwenye gome lilelile.

Baba yake alikuwa mchuna magome maisha yake yote. Nyuma ya jiko lake alibakiwa na mti mmoja wa aina hiyo, aliopanda marehemu mkewe. Alimruhusu binti yake kuchukua vipande kwa ajili ya maabara, kidogo kidogo, kwa sharti.

"Mti haufi kwa kuchunwa, mwanangu. Unakufa kwa kuzungushwa kisu shina zima. Lazima uache mkanda, kuanzia chini mpaka juu." Kisha akacheka. "Hata mtu ni hivyohivyo. Mzungushe njoo leo, njoo kesho, uone kama hatakufa."

Baada ya miaka mitatu, kilichobaki kwenye shina kilikuwa mkanda huo tu, upana wa kiganja. Makovu mengine yalikuwa bado hayajaota gome.

Basi Ijumaa moja mkuu wa maabara akamwambia kuwa Jumatano wageni wanakuja kuitazama kazi. Wasiporidhika, mradi unafungwa, na watu watarudi kuchuna misitu. Maskini, akili ikamruka. Kila Ijumaa huiosha neli kwa maji ya chumvi ya limau, lakini kwanza hutoa shanga, maana limau hung'oa kalisi, na bila kalisi shanga hazina kinachozishika. Siku hiyo alimimina bila kutoa. Alipogeuka, ndani ya neli kulikuwa na uji.

"Mungu wangu," alisema. "Nimefanya nini mimi?"

Sasa hapo ndipo ninapomkasirikia. Baba alikuwa hai, ana masikio, ana huruma. Angemwambia tu. Lakini alijua akiomba mkanda ule atakataliwa, na aliona aibu, mtu mzima na kazi yake kuharibu kitu kwa uzembe. Jumatatu asubuhi mzee alipokwenda kliniki, akaingia uani na kisu, akauchuna mkanda wote. Alijidanganya kuwa mti ule ni mkaidi, utapona.

Jumatano shanga mpya zilifanya kazi, dawa ikatoka, wageni wakapiga makofi. Mradi ukapona.

Jioni hiyo alikwenda kwa baba akiwa ameshapanga maneno. Alipofika jikoni alimsikia mzee uani akiongea na majirani. "Wezi," alisema. "Siku hizi watu hawana haya." Na msomi wetu, badala ya kutoka na kusema ni mimi, akashusha pumzi na kushukuru kimoyomoyo. Aibu iliyoje!

Toka hapo kila jioni akienda anakusudia kusema. Mzee amekaa kwenye kiti chake, miguu imevimba.

"Habari za kazi?"

"Nzuri tu, baba."

"Hakuna jingine?"

"Hakuna, baba."

Mzee anaitikia kwa kichwa, anaomba chai. Kesho nitasema, anajiambia binti njiani. Majani ya mti yakawa manjano, yakapukutika. Mwezi wa tatu baada ya hapo, mzee naye akaondoka, asubuhi, kabla hajamaliza chai yake.

Siku ya msiba, jirani, bibi mmoja mwenye ulimi mkali, alimvuta pembeni uani.

"Mimi nilikuona siku ile na kisu chako," alisema. "Nikamwambia baba yako aliporudi tu kutoka kliniki."

Mama Shanga alishikilia ukuta. "Akasemaje?"

"Alinifokea! Eti mimi sikuona kitu, waliokuja ni wezi, na nikithubutu kusema vingine tusijuane."

"Alinikasirikia sana?"

Bibi alimtazama, ukali wote ukamwisha.

"Hata kidogo. Alisema lazima ulikuwa kwenye shida kubwa mpaka ukafanya vile. Alikuwa anangoja umwambie mwenyewe, akupe pole."

Mama Shanga akakaa chini palepale, akalia kwa sauti, na bibi akakaa naye.