Abiria Hawatoshi

Uwanja wetu wa ndege una kila kitu isipokuwa ndege. Una kibao barabarani, una nguzo yenye fuko la kupimia upepo lililochanika hadi likabaki utepe, na una mlinzi anayefukuza ng'ombe asubuhi na kuwaachia jioni, akishachoka kugombana na wenyewe. Mara moja moja hushuka kindege cha wamisionari au cha mkubwa fulani. Vumbi linatimka, watu wanatoka migombani kutazama, kisha kinaondoka na ng'ombe wanarudi. Ndege ya kulipia nauli, ya kumpeleka mtu wa kawaida Mwanza na kumrudisha, haijawahi kutua pale. Tumeahidiwa ndege hiyo tangu nasoma shule ya msingi, na sasa mimi ndiye ninayefundisha shule ya msingi.

Zamani ahadi zile zilikuwa zinanichekesha. Mama alipougua, ziliacha kunichekesha.

Alikuwa na saratani ya kizazi. Alianza kwa mionzi Mwanza, kisha akawa anatakiwa kurudi kila baada ya wiki chache kutundikiwa dawa. Daktari alisema dawa ile inamfaa, ila asikatishe, kwa sababu akikatisha ugonjwa utarudi kwa nguvu. Alilisema neno hilo akimtazama mama, kisha baba, kisha mimi, na sote tuliitikia kwa vichwa. Tangu siku hiyo tulimsindikiza kwa zamu, baba safari hii, mimi safari ijayo.

Kutoka kwetu Kihanga hadi Mwanza ni safari ya kutwa nzima. Unapanda basi kunapopambazuka, unashuka Kyaka, unapita Muleba, Biharamulo, Geita, halafu siku hizo daraja la kuvuka ziwa lilikuwa bado halijafunguliwa, kwa hiyo unaishia kusubiri kivuko na jua limeshaanza kulala. Mtu mzima wa afya hufika hoi. Mama alikuwa ameyakariri matuta yote ya barabara ile. Kabla basi halijalifikia tuta alikuwa ameshashika kiti cha mbele kwa mikono miwili na kujiinua kidogo, ili tuta lisimpige pale panapouma. Akishavuka anakaa tena taratibu, anavuta pumzi, anangoja lijalo. Alifanya hivyo kutwa. Nilikuwa nakaa pembeni yake nikiwa na hasira ambazo sikuwa na mtu wa kumpelekea.

Kuna wanaouliza kwa nini hatukupitia Bukoba, ambako ndege ya abiria ipo. Tulijaribu. Tulikodi gari hadi Bukoba, tukakuta mawingu yameshuka hadi juu ya ziwa na ndege haitatua siku hiyo. Tulirudi nyumbani kwa gari lile lile, na mama akaikosa siku yake ya dawa. Baada ya hapo alisema afadhali basi, kwa sababu basi angalau huwa linaondoka.

Majirani hawakuyajua haya. Baba alikuwa amewaambia kwamba mama anakwenda kwao Isingiro, huko Kyerwa, kumuuguza dada yake. Dada mwenyewe alikuwa mzima kabisa, analima maharage na kuimba kwaya. Lakini kwetu mtu hasemi alicho nacho, kiwe kizuri au kibaya. Ukimuuliza mtu kama kahawa yake imezaa, atakuambia ipo ipo kidogo, na nyuma yake stoo imefurika magunia hadi mlango haufungi. Ukisema una uwezo wa kumsafirisha mkeo kila mara, kesho watu wamejaa barazani na kadi za michango. Ukisema mkeo ana saratani, watamzika kabla hajafa. Baba alinyamaza kwa sababu zote mbili, na kusema kweli sikuweza kumlaumu.

Kisha tukatangaziwa kwamba wageni wa kampuni ya ndege wanakuja. Safari hii si maneno ya jukwaani, tuliambiwa. Wanakuja wenyewe, watatazama uwanja na kuzungumza na wananchi, na wakiridhika wataleta ndege ya kwenda Mwanza. Nilimwambia mama wakati nikimkanda miguu. Aliuliza ndege ya namna hiyo ingefika Mwanza saa ngapi. Nikamwambia ingeondoka baada ya chai na angefika kabla ya chakula cha mchana. Alicheka peke yake, akaniomba nirudie tena, nami nikarudia.

Basi watu walijiandaa, na hapo ndipo tulipoharibu. Wageni wale walitaka kuona abiria, sisi tukawaandalia sherehe. Nyasi zilifyekwa, mbuzi akachinjwa, wanaume wakavaa makoti ya kanisani, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa kwenye madumu. Kindege kilipotua, wageni walipewa kahawa ya kutafuna, maana mgeni kwetu hawezi kuanza mazungumzo na mdomo mtupu. Mmoja aliitia mdomoni, akaitafuna mara moja, akageuka pembeni kutafuta leso. Mimi nilikuwa upande wa masufuria pamoja na akina mama wengine, mikono imejaa utomvu wa ndizi, na mama alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele yetu akiwa amejifunga kitenge chake kipya. Alikuwa amesisitiza aje.

Kijana wa kampuni alisimama, suruali yake nyeusi ikiwa na vumbi letu hadi magotini.

"Wazee wetu, shikamooni," alisema. "Uwanja tumeuona. Sasa tunataka kujua abiria wapo au hawapo. Wale wanaosafiri mara kwa mara kwenda Mwanza au Dar es Salaam, naomba wanyooshe mikono."

Mnunuzi wa kahawa, ambaye hupanda ndege Bukoba hadi wahudumu wanamjua kwa sura, alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikohoa. Mchungaji, aliyetoka kwenye mkutano Dar juzi tu, aligeuka kumtazama mnunuzi wa kahawa. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze kujiaibisha kwa kusema ana nauli ya ndege. Kunyoosha mkono mbele ya kijiji kizima na kujitangaza kuwa ni mtu wa safari, nani angefanya hivyo? Wageni wangeondoka, na yeye angebaki hapa na mkono wake.

Mkono ulionyooshwa ulikuwa mmoja, na ulitoka kwenye mkeka wa wanawake. Ulikuwa wa mama yangu. Aliunyoosha juu sawasawa, kama anavyofanya mwanafunzi mwenye uhakika na jibu.

Kijana akatabasamu. "Haya, mama. Unasafiri kwenda wapi?"

Kabla mama hajafungua mdomo, baba alikuwa ameshasimama.

"Wageni wetu, waitu, msimsikilize," alisema akicheka. "Huyo anawatania. Sisi ni watu wa kibanja, tuna ndizi na kahawa yetu, tuende wapi?"

Watu walicheka sana. Ilikuwa ni kicheko cha nafuu, kila mtu akaona ameokolewa. Mwenye duka alipiga makofi. Kijana naye akacheka kwa adabu, akasema kitu kwa mwenzake, mwenzake akatikisa kichwa. Mama alishusha mkono, akaurudisha chini ya kitenge. Nilitamani ardhi ipasuke, na sikujua nimtamanie nani aingie humo kwanza. Kisha chakula kikaandaliwa, na wageni walisifu sana ndizi zetu.

Jibu lilichukua muda kufika. Lilikuja kwa mdomo wa mtendaji, akiwa juu ya pikipiki ambayo hata hakuizima. Kampuni inashukuru kwa mapokezi, alisema, ila abiria hawatoshi, na uwanja hauna lami. Baadaye tukasikia kwamba lami haiwezi kuwekwa mahali pasipo na ndege. Kampuni inasubiri lami, lami inasubiri kampuni, na ng'ombe hawasubiri chochote. Sijui kama ni mikono ile isiyonyooshwa iliyoamua. Labda walishaamua wangali angani, walipotazama chini na kuona migomba mitupu. Baba alimwitikia mtendaji kwamba hata hivyo ndege ile ingekuwa ya wakubwa tu, akaingia ndani.

Tuliendelea na basi. Mama hakuwahi kulizungumzia lile la mkutano, wala hakumnunia baba. Alimpikia na kumtengea maji ya kuoga kama kawaida, na mimi ndiye niliyekuwa napitisha siku bila kumsemesha. Lakini miguu yake ilianza kuvimba njiani. Akawa anatapika kuanzia Muleba, na matuta yalianza kumshinda kwa kuwa mikono haikuwa tena na nguvu za kumwinua. Safari moja nilimsikia akilia bila sauti kuanzia Biharamulo hadi Geita. Siku ya kurudi Mwanza ilipofika tena, nilimkuta asubuhi amekaa kitandani hajavaa.

"Siendi," alisema.

Nilimkumbusha maneno ya daktari. Baba alikuja na kumwambia amepata gari la kukodi, watalaza siti na kutandika godoro, dereva ataendesha polepole. Nadhani angeuza hata stoo nzima siku ile, na kijiji kizima kijue. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimechoka na barabara," alisema. "Kuishi sijachoka. Lakini barabara siiwezi tena."

Hatukuweza kumlazimisha. Daktari alikuwa amesema kweli, ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na sasa majirani wote wakajua. Walikuja barazani na ndizi na sukari, wakaongea kwa sauti za chini, na mnunuzi wa kahawa akamwambia baba kwamba kama angejua mapema angemwunganisha na watu Bukoba. Baba alimshukuru.

Wiki yake ya mwisho palikuwa na joto, na baba alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akimpepea kwa mfuniko wa kikapu. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Mama alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala, na nadhani baba naye alidhani hivyo, maana vinginevyo asingesema.

"Mama watoto," alisema, "siku ile ya wageni, heri ningenyoosha mkono."

"Mimi niliunyoosha," mama alisema.

Baba aliendelea kumpepea.