Siku Ukuta Wangu Ulipomshika Mama Mkwe

Nitawasimulia kwa sababu mmenibana, na kwa sababu wengi walioshuhudia wameshatangulia, lakini jueni kwamba hata leo nikipita soko la Siakago nikamkuta mzee wa rika langu anacheka peke yake, simwulizi anacheka nini. Mimi ndiye yule fundi aliyemgandisha mama mkwe wake ukutani, mchana kweupe, mbele ya karani wa serikali. Ndiyo, ni mimi. Chekeni kwanza, nitawangoja.

Miaka ile ya Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na wapiganaji wa msituni, nilikuwa kijana, seremala, mtu wa Kibirichia kule juu kwenye viazi na baridi, na kazi ndiyo iliyoniteremsha mpaka Siakago kwenye joto, kutengeneza milango na madawati ya boma la serikali. Huko nikamwoa Ciarunji, msichana wa Embu aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake. Mama yake, mjane, alibaki Embu ya juu karibu na msitu, na watu wa huko (wazee wenu waliwaambia, kama walipenda kusema) walibomolewa nyumba zao wakasukumwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, mlango mmoja, askari mlangoni, kwenda shambani kwa ruhusa na kurudi kwa filimbi. Alikuwa amekaa humo karibu miaka miwili, kibanda kimoja na familia nyingine mbili. Ciarunji alikuwa akipika huku machozi yanamtoka, nikimwuliza anasema ni moshi, nami naona kabisa kuni ni kavu na moshi hakuna.

Basi tukaomba ruhusa mama aje akae nasi. Bomani wakasema sawa, ila lazima awe na mahali pa kufaa pa kulala, na karani atakuja kukagua siku ile ile mama anapofika. Karani asiporidhika, mama anarudi na lori lililomleta.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuwaka moto. Sisi tulikuwa tunaishi chumba kimoja, na kwetu, uwe Mmeru uwe Mwembu, mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mikono, mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia majanini ili apite. Nyumba ya kawaida ingetuua kwa aibu wote wawili.

Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni Mzee Abdalla, mchinjaji wa hapo mjini, Mwislamu, baba yake Mnubi na mama yake Mkamba, na yeye ukimwuliza kabila lake anakwambia, "Mimi ni mtu wa Siakago, andika hivyo." Alikuwa na banda kuukuu la kukaushia ngozi: paa la mabati, nguzo imara, sakafu ya saruji yenye mfereji, na fremu nyingi za miti ambazo zamani ngozi ziliwambwa juu yake. Kuta hazikuwepo.

"Chukua," akaniambia. "Harufu itaisha. Mimi siisikii tena, lakini mke wangu anasema ipo."

Ndugu zangu, nilisimama katikati ya lile banda nikaona nyumba nzima imesimama mbele yangu. Fremu kubwa zitakuwa vitanda, nitaziwamba kamba. Zile ndogo zitakuwa madirisha. Mfereji uliokuwa ukitoa maji ya chumvi utakuwa wa bafu. Na hapa katikati, kutoka sakafuni mpaka kwenye paa, ukuta mmoja mrefu: upande wa mashariki chumba cha mama na mlango wake, upande wa magharibi sisi na mlango wetu, tuishi chini ya paa moja bila kuonana. Nikachora yote kwa makaa juu ya ubao. Mzee Abdalla akaitazama ile picha muda mrefu, akasema, "Kijana, hii umeichora kwa heshima." Kichwa changu kikafura kama andazi.

Kosa lilianzia kwenye kuta. Nyuma ya boma kulikuwa na mapipa matupu ya lami, yaliyobaki baada ya nguzo za madaraja kupakwa, na nikaruhusiwa kuyachukua. Pipa la lami ukilipasua na kulikunjua unapata bati zuri, lakini fundi wa kweli hulichoma kwanza, lami yote iteketee. Mimi nikawaza: kuwasha moto mkubwa siku hizo ni mpaka ruhusa, moshi mweusi utaita askari, na kazi itachelewa. Tena nikamkumbuka mjomba wangu, aliyezungushia ghala lake la viazi mapipa yenye lami yake, na kwa miaka yote halikudondosha hata tone. (Ghala hilo liko Kibirichia, jamani, mahali ambapo hata samli hukataa kuyeyuka.) Nikajiambia, tena lami itafukuza mchwa. Nikaacha kuchoma. Upande wenye lami nikaugeuzia ndani ili jua lisiuguse, mimi mwerevu, halafu nikapaka chokaa juu yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka kukawa kweupe kama ndani ya kanisa. Ulikuwa mwezi wa saba, mawingu tupu, na ukuta ukakauka ukawa mgumu kama jiwe.

Ruhusa ya mama ikachelewa mpaka mwezi wa tisa. Sisi hatukuhamia, kwa sababu Ciarunji alisema hakuna mtu atakayelala humo kabla mama yake hajaingia kwanza akapabariki. Kwa hiyo hakuna aliyejua kinachotokea humo ndani jua la Siakago likiamka.

Siku ikafika. Jua la asubuhi nzima lilikuwa limekalia ule ukuta wa mashariki, na lori la ngozi la Mzee Abdalla likamleta mama saa sita mchana. Nilikuwa nimejitenga vichakani, macho chini, kama desturi inavyotaka, lakini nilimwona akishuka. Mwanamke mdogo, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kitambaa kichwani, na gauni la bluu aliloliweka kwa ajili ya safari hiyo tu, na kifurushi ambacho mtu angeweza kukibeba kwa kidole.

Akaingia. Nikasikia sauti yake, kwa Kiembu, "Hapa ninalala na nani?"

"Peke yako, mama," Ciarunji akamjibu. "Na mlango ni wako. Ukitaka kutoka, unafungua unatoka."

Mama alikaa kitandani, akaegemeza mgongo na kichwa chake ukutani, akafumba macho. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Mimi kule vichakani nilijipangusa uso, nikadanganya ni jasho.

Kisha karani akatokea, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Akakagua kitanda, akakagua dirisha, akapima ukuta wa kati kwa macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi safi," akasema. Akatoa barua ya ruhusa atie sahihi, akatafuta meza. Hapakuwa na meza. (Seremala mzima! Nilikuwa nimefikiria hata mchwa, nikasahau meza.) Basi akaibandika barua juu ya ukuta mweupe, akatia sahihi, akaondoa mkono. Barua ikabaki pale pale.

Akaivuta, ikachanika katikati. Akaweka kiganja ukutani apate nguvu ya kuvuta ile nusu nyingine, chokaa ikapasuka kama ganda la yai, na kiganja chote kikanasa kwenye lami.

Ciarunji bado hajaelewa, akamwambia mama yake, "Inuka umshukuru karani." Mama akajaribu kuinuka. Akarudi nyuma. Akajaribu tena, bati likalia, akarudi nyuma. Akafumbua macho, akasema polepole, "Ciarunji, kuna mtu amenishika."

Yaliyofuata sijui niyapange vipi. Karani anapiga kelele, "Fundi yuko wapi?" na watu wote wanaonyesha vichaka. Ciarunji anamvuta mama yake na mama analia kwa maumivu kwa sababu kitambaa na nywele vyote vimeshikwa. Dereva wa lori amesikia kelele naye amekuja. Nikatoka majanini nikafika mlangoni, mlango ule nilioutengeneza mwenyewe ili nisije nikaupita maisha yangu yote, nikasimama kizingitini. Mama mkwe akanitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Ingia, mkwe wangu," akasema. "Aibu imeshatangulia kuingia, wewe unangoja nini?"

Nikaingia. Nikashika mabega yake kwa mikono yangu hii, mbele ya nusu ya Siakago. Mke wa Mzee Abdalla, Mama Halima, akaja mbio na bakuli la mafuta ya mkia wa kondoo, akawa anampaka nywele taratibu, unywele kwa unywele, huku anamwambia, "Pole, dada yangu, pole, tunafika." Ciarunji alimfunika mama yake shuka, na Mzee Abdalla akanipa kisu huku amegeuza uso, nikakata gauni. Mama akaondoka. Mgongo mzima wa lile gauni la bluu ukabaki ukutani, umewambwa vizuri kama ngozi ya mbuzi. (Mzee Abdalla alisema baadaye kwamba banda limekumbuka kazi yake.)

Lakini wakati ule hakuna aliyecheka. Karani alikuwa anaangalia kiganja chake cheusi na kaptula yake iliyoharibika. "Nyumba hii haifai," akasema. "Nitaandika haifai. Dereva, usiondoke." Ciarunji akaketi chini. Mimi nikabaki nimeshika kisu kama mjinga.

Ndipo mama akasema, akiwa amejifunika shuka, mafuta ya kondoo yanamtiririka shingoni, "Mwanangu, ukiandika, andika ukweli. Waambie mama huyu tulitaka kumrudisha, lakini ukuta ulikataa kumwachia."

Halafu akacheka. Alianza kidogo, kama mtu anayekohoa, kicheko kikazidi, akashika tumbo, na Ciarunji pale chini akamtazama kana kwamba anamwona anafufuka, kwa sababu (aliniambia baadaye) tangu siku nyumba yao ilipobomolewa hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Mama Halima akashindwa kujizuia. Karani akakunja uso, akaukunja zaidi, akaangalia kiganja chake, midomo ikamtoroka. Akatoa karatasi nyingine. Safari hii Mzee Abdalla aliinama akampa mgongo wake, na ruhusa ya mama mkwe wangu ikatiwa sahihi juu ya mgongo wa mchinjaji. "Wiki mbili," karani akaniambia. "Nitarudi na nitagusa kila ukuta."

Nikabandua mabati yote. Nikaomba ruhusa ya moto, nikachoma mapipa moja moja kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo, na watoto wa Siakago wakaja kumtazama fundi wa lami. Kuta za nje nikazirudisha. Asubuhi niliyoanza kupima ule wa kati, mama alikuwa ameketi mlangoni kwake akichambua kunde, amenipa kisogo kwa heshima.

"Huo unafika wapi?" akauliza bila kugeuka.

"Mpaka kwenye paa, mama, ili usisumbuliwe."

Akatupa kunde mbovu pembeni. "Nimetoka kwenye handaki," akasema. "Usinizungushie kitu kingine, hata kama ni kwa heshima."

Nilikaa chini na kipimo changu mkononi. Ndugu zangu, aibu ya lami ilikuwa ya kuchekwa, lakini hii iliniingia. Nilikuwa nimewauliza watu wa boma, nimemwuliza Mzee Abdalla, nimemkumbuka mpaka mjomba wa Kibirichia, na yeye atakayelala humo sikumwuliza neno moja.

"Basi uishie wapi, mama?"

Akainuka, akaja akasimama mahali pa ukuta, uso pembeni, akaweka mkono kwenye bega lake. "Hapa. Nikikaa usinione. Na nikilala niwasikie mnaongea."

Nikaukata hapo hapo. Tuliishi hivyo miaka kumi na mmoja, na watoto wetu wote watatu, wakilia, tulimpitishia juu ya ule ukuta na yeye akawapokea upande wa pili, mimi nikiwa nimeangalia chini. Nimejenga nyumba nyingi tangu wakati huo, na lami siigusi hata nikipewa bure. Na kabla ya kupiga msumari wa kwanza namtafuta atakayelala humo, awe bibi kizee, awe mtoto, namwomba asimame pale anionyeshe kwa mkono wake mwenyewe.