Mtoto Aliyechagua Mdomo

Dada yangu alipokufa aliniachia mtoto wa kiume ambaye hata shingo ilikuwa haijakaza. Nikamchukua kwangu, kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Rongai, ambako mume wangu aliendesha kisiagi cha mahindi. Nyumba yetu na kisiagi vilitumia ukuta mmoja. Injini ikiwashwa asubuhi, vikombe vilitetemeka mezani mpaka izimwe jioni.

Sikuwa mtu wa kulia mbele za watu. Mama yangu, alipofiwa na baba, alijifunga kitambaa cheusi mdomoni akakaa nacho mpaka mahindi yakavunwa, nami sikujua namna nyingine ya kuomboleza. Nikajifunga changu. Mtoto nilimbeba mgongoni nikipalilia, nikichota maji, nikipika. Nilimzungumzisha kutwa nzima, lakini nilikuwa nimempa mgongo, na nikimshusha kumlisha, kitambaa kilikuwa mdomoni.

Alipofikisha miezi kama mitano, bibi yake, mama mzazi wa shemeji yangu, alikuja kumwona. Alimkalisha mapajani, akagonga mfuniko wa sufuria nyuma ya kichwa chake. Mtoto akaendelea kunyonya kidole.

"Huyu hasikii," akasema bibi.

"Mama, amezoea kelele za mashine."

"Na wewe ukisema naye, anakutazama?"

Hakunitazama. Nikisimama mbele yake nikasema neno, macho yake yalizunguka chumba kizima, kama mtu anayetafuta kuku aliyelia vichakani.

"Jumapili nitakuja kumchukua," akasema. "Kule kwetu Londiani kuna mama anazibua masikio kwa mafuta ya moto."

Nilimjua mtu aliyezibuliwa hivyo. Kwanza alikuwa akisikia kidogo. Baadaye hakusikia kabisa.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Kisha asubuhi moja nilikuwa namwogesha mtoto kwenye karai mlangoni, penye jua. Akapiga maji kwa miguu, kitambaa changu kikalowa chote, nikakivuta kikaanguka shingoni. Nikamwambia, "We mtukutu, lete mguu."

Miguu ikatulia. Mtoto akaniangalia mdomoni.

Nikafunga mdomo, naye akapandisha macho kwenye macho yangu. Nikasema tena, akateremka mdomoni. Alikunja paji la uso kama mzee anayekagua ng'ombe sokoni. Sauti yangu aliijua tangu zamani, ila kwake ilitoka mgongoni, kwenye joto na jasho langu. Sasa alikuwa ameiona inakotoka!

Nilimwita jirani yangu kwa kelele hata akafikiri nyumba inaungua. Alikuja mbio na mwiko mkononi. Nilipomweleza, akacheka.

"Shosti, hata kiziwi anaona mdomo ukicheza. Bibi atakuambia hivyo hivyo."

Alisema kweli, na iliniuma. Lakini yeye ndiye aliyepata njia. Alisema tukae wawili mbele ya mtoto, tufanye midomo tofauti bila kutoa sauti, na sauti itoke kwa mtu mwingine nyuma yake. Tukamngoja mume wangu mpaka injini ilipozimwa. Akaingia na nyusi nyeupe kwa unga.

"Mnataka nilie kama ndama?" akauliza.

"Sema 'aaa' tu, baba. Ukichoka sema 'iii'."

Mimi nikaachama. Jirani akavuta midomo kama anayeonyesha meno kwa daktari. Mume wangu, nyuma ya mtoto, akasema, "Aaaa." Mtoto akamtazama jirani, akanitazama mimi, kisha akabaki kwangu. "Iiii." Akahama! Akaenda kwa jirani, akaganda hapo. Tukabadilishana, naye akabadilisha. Sitasema hakukosea, mara nyingine aliangalia taa. Lakini alirudi kwenye mdomo uliofanana na sauti, na jirani alipiga magoti yake kwa makofi mpaka mtoto akashtuka. Mume wangu hakutaka tuache. Aliendelea na "aaa" yake hata ugali ukaungua.

Jumapili bibi alikuja na shuka jipya la kumbebea. Aliponiona sina kitambaa, uso ulimbadilika.

"Umemaliza kumlilia dada yako?"

"Hapana, mama. Mtoto anauhitaji mdomo wangu."

Nilidhani ataondoka naye hapo hapo. Nikamwomba jambo moja tu, akae karibu nami, aachame, asitoe sauti. Alikataa. Mume wangu akambembeleza, akasema hata mlevi hawezi kukosa kuachama. Bibi akatabasamu bila kutaka, kisha akaachama, meno yake machache yakaonekana. Mimi nikavuta midomo.

"Aaaa," akasema mume wangu kutoka nyuma.

Mtoto alinitazama mimi kwanza. Halafu, polepole, akageuza kichwa na kuuangalia mdomo wa bibi yake. Hakubanduka. Bibi hakuthubutu kuufunga. Machozi yalimtiririka yakaingia humo humo. Na mtoto naye akafungua mdomo, ute ukamdondoka, akatoa sauti nyembamba: "Aaa."

Bibi akamnyakua.

"Amenijibu! Mmesikia? Amenijibu mimi!"

Alilala kwetu. Asubuhi, injini ilipowaka, nilimkuta amemkalisha mtoto kwenye shuka lile jipya, uso kwa uso, akimsimulia habari za mama yake kwa sauti ya kushinda mashine. Mtoto alikuwa akiangalia kila neno. Mimi nilisimama mlangoni nikalia, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika dada yangu.