Maneno ya Kiingereza ya Luciana

Luciana ni mtoto wa kaka yangu Flavian. Mama yake alikufa Luciana akiwa mchanga, nikamlea mimi, kwa hiyo haya nitakayoyasema sikuyasikia kwa mtu. Wapo kule kijijini wanaosema Kiingereza ndicho kilichomharibu. Wengine wanasema aliyemharibu ni mimi shangazi yake. Waseme. Mimi naandika nilivyoona, na asiyetaka asisome.

Aliolewa na Kalisti, mkulima mmoja wa upande wa Chala, mtu mpole asiyepayuka hata akinywa. Wakapata mtoto wa kike, Zita. Walikuwa wanakaa mbali na barabara, mahali pazuri penye maji. Halafu ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Watu wakaambiwa wajenge kwa mstari kando ya barabara, na wakahamishwa mvua zimeshaanza. Nyumba ya Kalisti ilikuwa na kuta za kufika kiunoni na turubai la kuazima juu yake. Baridi ya Ufipa anaijua aliyeilala. Kalisti akashikwa na kichomi, akawa anakohoa damu, na nyumba ilikuwa haijapata paa tulipomzika.

Ukoo wa Kalisti ukaweka matanga, na wazee wakasema ulezi ukivunwa itapikwa pombe ya kumaliza msiba, na siku hiyo Luciana atakabidhiwa kwa Adolfu, kaka wa marehemu, awe mke wake. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika. Padri alikataza, lakini padri alikuwa anakuja mara moja moja, na wazee walikuwapo kila siku. Adolfu alikuwa na mke tayari, Kristiana, na alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa kusimama mlangoni mwa watu na kuuliza nani hakwenda shamba la kijiji.

Siku moja tunachambua maharage, Luciana akaniambia, "Shangazi, mimi kwa Adolfu siendi."

"Utakwenda wapi?"

"Sijui. Lakini kule siendi."

"Na Zita?"

"Zita naondoka naye."

Nikamwambia mtoto ni wa ukoo wa baba, hilo analijua. Akanyamaza, akaendelea kuchambua. Huyu mtoto akinyamaza hivyo ujue hajakubali.

Sasa pale kijijini palikuwa na mwalimu, Isakwisa, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyekuwa akifundisha kisomo cha watu wazima jioni kwenye kibaraza cha kanisa. Hata mimi herufi zangu nilizipata pale, na mkono wangu ulikuwa umezoea jembe, kwa hiyo kalamu iliona cha moto. Isakwisa ndiye aliyeleta habari kwamba hospitali moja ya misheni huko Sumbawanga inatafuta wanawake wa kuhudumia wodini. Msimamizi wa wodi alikuwa Sista mzee, mgeni kutoka Ulaya, Kiswahili hajakijua bado. Alitaka mwanamke anayejua maneno madogo madogo ya Kiingereza, majina ya vitu vya wodini na vya nyumbani, na anayeweza kusema kila kitu ni cha kazi gani. Atakayepata kazi atapewa na chumba nyuma ya hospitali.

Luciana aliposikia chumba, akaomba afundishwe.

Isakwisa alimfundisha kwa gunia. Alitia vitu ndani, Luciana anaingiza mkono bila kuangalia, anapapasa, anataja jina la kitu kwa Kiingereza, kisha anasema maana yake kwa Kiingereza hicho hicho. Spoon: kitu cha kulia chakula. Soap: kitu cha kuondoa uchafu. Blanket: nguo nzito ya kujifunika usiku. Maneno mafupi kama ya mtoto anayeanza kusema. Nilikuwa nakaa pembeni nacheka, maana mwanamke mzima mwenye mtoto kuambiwa kijiko ni cha kulia, hilo kwangu lilikuwa jambo la kuchekesha.

Adolfu akapita, akasimama. "Kiingereza cha nini? Wakoloni tumewafukuza, wewe shemeji unawafuata?"

Isakwisa akamjibu, "Ndugu balozi, huyu anajifunza kutaja beseni. Mwingereza hatarudi kwa sababu ya beseni."

Watu wakacheka. Adolfu hakucheka.

Daftari Luciana hakuwa nalo, na kusoma kwake kulikuwa kwa kusuasua. Maneno aliyaweka shambani. Sisi Wafipa tunalima matuta ya duara, majani tunayafukia ndani yaoze yawe mbolea. Kwenye shamba la ujamaa bwana shamba alitaka mistari iliyonyooka, lakini kashamba kake mwenyewe Luciana alikalima Kifipa, na kila tuta alilipa neno lake. Akifukia majani anasema neno na maana yake, anasema tena, mpaka tuta linakwisha. Siku ya pili anapita katikati ya matuta anayasalimia yote kwa majina. Akikwama, anasimama pale pale na jembe lake mpaka neno limrudie.

Wanawake waliokuwa wakienda kisimani wakawa wanampigia kelele. "Luciana, leo umezika nani hapo?"

"Nimezika shuka," anajibu.

"Pole na msiba!"

Basi ulezi ukaanza kuiva, na siku ya kwenda Sumbawanga ikafika. Nilikwenda naye mimi. Tulipanda lori la mahindi, tukalala Milanzi kwa Dominika, binamu yangu, na asubuhi Luciana akaoga, akavaa kitenge changu kipya, tukaenda.

Tuliingia chumba kisafi chenye meza. Sista mzee amekaa, nywele nyeupe zinachungulia kwenye kitambaa, na pembeni yake amesimama Sista mmoja wa kwetu wa kutafsiri. Juu ya meza pamewekwa vitu: beseni, kijiko, sabuni, blanketi. Hata jembe dogo la bustani lilikuwepo.

Luciana akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, macho chini, kama nilivyomlea. Sista mzee akafurahi, akamwinua. Kisha akanyoosha kidole kwenye jembe, akamwuliza kwa Kiingereza, kile ni nini.

Luciana akanyamaza.

Akamwuliza beseni ni nini, ni la kazi gani. Akanyamaza, akarudi magotini. Sabuni. Blanketi. Kila akiulizwa anazidi kuinama. Mwisho akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, wewe unajua."

Asiye wa kwetu nitamweleza. Mkubwa akikuuliza jambo analolijua, jambo liko mbele ya macho yake, hatafuti jibu. Anakupima adabu. Mtoto wa kufundwa ananyamaza, au anasema wewe unajua. Ukimwambia mtu mwenye mvi kwamba beseni ni chombo cha kunawia, umemwambia amezeeka mpaka amesahau kunawa. Isakwisa alipokuwa akifundisha alikuwa kijana, umri wake na Luciana ni mmoja, kwa hiyo pale kibarazani hakukuwa na neno. Lakini huyu alikuwa mama mtu mzima, na mtawa juu yake.

Tulipotoka nilimwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu. Umenitoa aibu."

"Unadhani wamenipenda, shangazi?"

"Hukuona alivyokuinua?"

Tukanunua mandazi, tukarudi tumefurahi, na kwenye lori akaimba.

Jibu lilikuja Jumapili. Isakwisa alikuwa amekwenda mjini, akarudi uso umekunjamana. "Wamesema hajui neno hata moja. Hata beseni."

Luciana akaketi chini. Mimi nikawaka. "Hajui? Anayajua yote! Kamwulize shambani!"

"Sasa kwa nini hakusema?"

"Amwambie mama mzee beseni ni nini? Wewe kwenu hamna adabu?"

Isakwisa akatutazama, mimi na Luciana, akaanza kucheka, halafu kicheko kikamkauka akashika kichwa. "Shangazi, adabu hata kwetu ipo. Lakini hawa wenye Kiingereza ndivyo walivyo. Anakuuliza anachokijua, na anataka umwambie."

"Basi hiyo ni lugha ya watu wa dharau."

"Inawezekana. Lakini chumba kiko kwao."

Isakwisa akapanda baiskeli yake, akarudi Sumbawanga kumwona yule Sista wa kwetu. Kwa kuwa naye ni Mfipa, aliposikia alipiga kofi paji lake la uso. Alidhani ni woga tu. Akamwombea Luciana aitwe tena. Kule kwa Adolfu, Kristiana alikuwa ameshaanza kuloweka ulezi wa pombe.

Kilichobaki ilikuwa ni kumfungua Luciana mdomo. Isakwisa akasema afanye mazoezi kwa mtu mzima wa kweli, na mtu mzima wa karibu ni mimi. Akanikalisha kwenye kigoda, akaniwekea jembe mbele. Nikauliza kama nilivyoelekezwa, "Hiki nini?"

Luciana akatazama chini.

"Niangalie mimi! Hiki nini?"

"Shangazi... hili ni jembe."

"La kazi gani?"

"La... la kulimia."

Nilihisi damu inanipanda. Mikono yangu hii, jembe limeila mpaka vidole vimepinda, mtoto niliyemlisha kwa jembe hilo ananiambia ni la kulimia! Nikamwambia, "Na wewe ni wa kazi gani?" Akaangua kilio. Isakwisa akasema, "Tena." Tukafanya tena. Chungu, ungo, moto, maji. Kila jibu lilinichoma, na nilikaa pale pale, sikuinuka. Mpaka akawa ananitazama usoni na kusema bila kutetemeka, na mimi sikulipenda hilo jicho, lakini ndilo lililokuwa likitakiwa.

Mara ya pili alijibu yote. Sista mzee akauliza, naye akajibu amesimama, macho juu, Kiingereza kinatoka kama mahindi yakipukuchuliwa. Sista akacheka kwa furaha, akamshika mabega. Kazi akapata. Aanze wiki inayofuata.

Tulirudi tukakuta pombe imeiva na ukoo umekusanyika uani kwa Adolfu. Mzee Zenon, mkubwa wao wote, amekaa katikati na kibuyu chake. Luciana akaitwa. Zita alikuwa mgongoni kwake, akamteremsha, akapiga magoti, akapiga makofi. Mimi nilikaa upande wa wanawake, maana katika shauri hilo shangazi wa mke hana kauli.

Mzee Zenon akaanza polepole, kama inavyotakiwa. "Luciana, mwanangu. Nyumba uliyokaa ni ya nani?"

Hapo mwanamke hunyamaza. Kunyamaza ndiko kukubali. Ataulizwa tena na tena, kila mara atanyamaza, na mwisho watamshika mkono na kumpeleka kwa mume mpya, na hakuna aliyelazimishwa.

Luciana akainua uso. "Ni ya Kalisti, baba. Naye amekufa."

Nikasikia wanawake wanavuta pumzi. Mzee Zenon akangoja kidogo, akidhani labda ni msiba unaosema. "Na mtoto huyu, ni wa nani?"

"Ni wangu. Nimemzaa mimi."

"Na Adolfu huyu, ni nani kwako?"

"Ni shemeji yangu. Si mume wangu, wala hatakuwa. Nimepata kazi hospitali, nakwenda na mtoto wangu."

Adolfu akaruka juu. "Hicho ndicho Kiingereza walichokufundisha? Kumjibu mzee?"

Luciana hakumgeukia. Alikuwa bado amepiga magoti, anamtazama Mzee Zenon usoni, jicho lile lile alilojifunza kwangu. Kama Mzee Zenon angefoka, kama angeinua fimbo, watu wangeamua, na mambo yangesemwa yakaisha. Hakufoka. Alimwaga pombe yake chini, kibuyu kizima, mbele ya miguu yake mwenyewe. Akasimama, akaingia ndani. Wanaume wengine nao wakamwaga zao, mmoja mmoja, uani pakawa tope la ulezi. Hakuna aliyemgusa Luciana. Hakuna aliyemshika Zita. Pombe ya msiba ikimwagwa hivyo, ukoo umekukana; walikuwa wameshamwacha, yeye na mtoto wake.

Lori la asubuhi likawachukua, mama na mtoto na mkeka wao.

Watu wananiuliza mimi niko upande gani. Ninasema hivi: kukataa alikuwa na haki, na kumjibu Mzee Zenon alikosea. Angenyamaza pale uani na usiku akaondoka, ukoo ungemtukana mwaka mmoja, halafu ungemsamehe. Isakwisa alinibishia, akasema angenyamaza wangemchukua mtoto. Labda. Tulibishana mpaka alipohamishwa, na hakuna aliyeshinda.

Luciana yuko hospitali mpaka leo hii ninapoandika. Chumba chake ni kidogo lakini kina mlango wa kufunga, na Zita anasoma. Kila mwaka, siku aliyokufa Kalisti, anakuja kijijini kusafisha kaburi. Akimaliza hapiti njia ya mkato. Anapita mstari mzima wa nyumba za ukoo, na kila mlango wenye mtu mzima anapiga magoti, anapiga makofi, anasalimia kama nilivyomlea. Hawamwitikii. Mwaka huu nilitembea naye. Adolfu alikuwa amekaa nje anapukuchua mahindi. Luciana akapiga magoti mbele yake, akasema, "Shikamoo, shemeji." Adolfu akachukua hindi jingine. Luciana akangoja pale chini mpaka hindi lile likaisha punje, akainuka, akakung'uta vumbi kwenye kitenge, akaenda nyumba inayofuata.