Jiwe la Saanane

Katika hifadhi ya kisiwa cha Saanane sheria ni moja kwa wote: usiondoke na kitu, hata jiwe. Askari aliisema mara mbili waliposhuka kwenye boti, na fundi wa karasha kutoka Kahama akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini mikono yake, iliyozoea kulisha mashine mawe ya dhahabu, haikusikia. Njia nzima ya kupanda kileleni aliinama, akaokota, akalamba, akageuzageuza juani huku amefumba jicho moja. Mkewe, Paskalia, alimfuata kwa kicheko na aibu.

“Baba Limi, tema jiwe la serikali! Tumekuja kupiga picha ya ndoa.”

Karibu na kilele askari alimsimamisha. “Shikamoo, mzee. Na hilo la mfukoni?”

“Marahaba. Hili napima tu, mwanangu.”

“Lirudishe ulipolitoa.”

Akateremka hadi chini, amelibeba kwa mikono miwili kama yai. Kule juu mpiga picha hakuweza kumngoja, maana boti ilikuwa karibu kuondoka. Paskalia akasimama peke yake, jiji la Mwanza nyuma yake, akicheka mpaka machozi. Picha ya miaka ishirini ya ndoa yao ina mtu mmoja.