Siku Niliyoisingizia Pedali ya Mjerumani

Mkasa huu sijawahi kumsimulia mtu, na leo nawaambieni kwa sababu mimi nimezeeka lakini aibu yake imegoma kuzeeka, kwa hiyo chekeni kwanza mmalize, halafu mnisikilize.

Ilikuwa Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi mwanafunzi wa reli kutoka Tabora, nimepanga chumba Jakobsberg na kila asubuhi napanda treni kwenda yadi tuliyojifunzia. Hapo yadi kulikuwa na behewa la Kijerumani lililoletwa kwa majaribio, lile lenye chumba cha dereva mbele huku injini iko nyuma inasukuma (mara ya kwanza nilidhani wamelifunga kinyume, nikanyamaza nisionekane mshamba). Chini ya meza ya dereva kulikuwa na pedali ya usalama. Dereva anaikanyaga, na kila baada ya muda mfupi anaiachia kidogo na kuikanyaga tena, ili behewa lijue kuwa yuko macho. Akiondoa mguu taa inawaka, kisha kengele inalia, na asipourudisha, breki zinajikaza zenyewe. Mwalimu wetu Lennart, Mswidi mrefu wa maneno machache, alinionya, "Mguu hautoki hapo. Hata mfalme akiingia, unabaki umekaa."

Mfalme sawa, lakini aliyeingia alikuwa Mzee Mhina.

Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa mafunzo ya reli nyumbani, na alikuja kuangalia kama inafaa kumleta kijana mwingine baada yangu. Kijana mwenyewe alikuwa Kapinga, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na barua yake ya mwisho ilisema ameshapata koti zito. Kwa hiyo siku ile mtihani ulikuwa wa Kapinga zaidi kuliko wangu.

Tukaondoka polepole, mimi kitini nimevimba kichwa, wageni wa Kiswidi waliokuja kutazama majaribio wako nyuma na Lennart anawamiminia kahawa. Mlango wa chumba changu ukafunguliwa, nikageuka, nikaona mvi za Mzee na suti yake ya kijivu, mtu wa rika la baba yangu, na mimi nimekaa nimempa mgongo. Sasa ninyi mliolelewa kama mimi, niambieni mngefanyaje. Nikasimama, nikampa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Na wenyeji wako hawajambo?"

Taa ikawaka. Niliiona, lakini mzee anauliza, nitamkatizaje, tena ndio kwanza amefika kwenye swali la baridi na namna ninavyoivumilia, na kengele nayo ikaanza, nikasema moyoni nijibu hili moja tu kisha nikae ("Tunaizoea, mzee, tunashukuru"), na hapo behewa likasimama ghafla. Mzee Mhina akaniangukia kifuani, sote wawili tukaishia sakafuni, na Lennart aliyekuja mbio na birika mkononi akajikwaa kwetu, kahawa yote ikamwagikia suti ya kijivu.

Ningekomea hapo, leo ningekuwa nasimulia kichekesho tu. Lennart aliponiuliza kumetokea nini, nikajibu, mbele ya wote, "Pedali imeharibika. Nilisimama, lakini mguu mmoja ulikuwa bado juu yake."

Mafundi wawili wakaingia chini ya behewa, kwenye theluji, wakafungua kila nati, na wageni wanapigapiga miguu chini kwa baridi, Mzee naye suti imelowa, na kila fundi akitoa kichwa kusema haoni kasoro mimi nazidi kushikilia, hata nikawaonyesha kwa kidole mahali nilipodai pamelegea (haya sikuwa nayo kabisa). Lennart hakubishana. Alifungua kisanduku ukutani, akatoa ukanda wa karatasi ambamo behewa lilikuwa likijiandikia kila kitu, akautandaza mezani: mguu umetoka hapa, taa hapa, kengele hapa, breki hapa. Hapakuwa na mguu mmoja wala nusu mguu.

"Jaha," akasema, yaani kumbe, na Kiswidi hicho hata Mzee alikielewa.

Mzee aliniita pembeni. "Uliposimama kuniamkia nilifurahi, nikasema huyu hajasahau kwao. Ungewaambia tu kwamba ulisimama kwa heshima yangu, tungecheka yakaisha. Sasa nikiwaletea mwingine, watamwamini vipi?"

Nilitamani anitukane, lakini hakunitukana.

Kapinga hakuletwa. Mzee alinisitiri, nyumbani akaeleza tu kwamba kulikuwa na hitilafu ya mitambo, na Kapinga akaniandikia kunipa pole: "Usijilaumu ndugu yangu, mashine za watu hizo." Barua ile niliijibu, nikashukuru kwa pole zake. Yeye akabaki kupeperusha bendera ya kijani kwenye stesheni ndogo mpaka akastaafu.

Tangu siku ile nikiwa kazini nawaamkia wakubwa nimekaa na kuomba radhi, na nimeapa kosa langu nitalisema mwenyewe kabla halijasomwa mezani. Ila hili la siku ile sikumwambia Kapinga. Alifariki akiwa bado ananionea huruma.